Jembe darasani: shule za kilimo zilianzaje Kongo, na kwa nini wazazi wanaziogopa

Katika vijiji vingi vya Kivu na Ituri, shule ya sekondari ikitangaza kwamba inataka kufungua masomo ya kilimo, wazazi hujibu karibu maneno yale yale: "Mtoto nimemtuma shule ili aachane na jembe, sasa ninyi mnamrudishia jembe?" Walimu wengine husema wazazi hao hawaelewi. Lakini maneno hayo yana mizizi ya zaidi ya miaka 120. Mkuu wa shule anayetaka kufungua masomo ya kilimo bila kujua mizizi hiyo anaweza kujikuta na bustani ya majani na darasa lisilo na wanafunzi.

Watoto wa mashamba ya misheni

Mwaka 1890, serikali ya Mfalme Leopold II ilitoa amri iliyoipa mamlaka ya kuwachukua watoto yatima, walioachwa na waliotolewa utumwani, na kuwaweka katika makoloni ya shule. Miaka iliyofuata, mapadri Wajesuiti waliokuwa Kisantu, katika Kongo ya Chini, walianzisha mashamba yenye kanisa dogo kandokando ya vijiji. Watoto waliishi huko, wakajifunza dini, na wakalima.

Tume ya uchunguzi iliyotumwa Kongo mwaka 1904 iliyakosoa mashamba hayo. Katika ripoti yake ya 1905, tume ilisema watoto wengi waliokuwa humo hawakuwa yatima hata kidogo, na kwamba walizuiliwa kuondoka. Kwa hiyo, tangu mwanzo, katika macho ya wazee wa kijiji, shule na shamba la mtu mwingine vilikuwa kitu kimoja. Mtoto alikwenda kusoma, jasho lake likabaki huko.

Kilimo cha amri

Mwaka 1917 Wabelgiji waliweka sheria ya mazao ya lazima. Kila mwanaume wa kijiji aliweza kulazimishwa kulima siku 60 kwa mwaka mazao yaliyochaguliwa na serikali: pamba sehemu fulani, mpunga au mihogo sehemu nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa hadi 120. Asiyelima alilipa faini au alifungwa.

Aliyepita kukagua mashamba hayo alikuwa agronomu mzungu, akifuatana na moniteri wa kilimo ambaye mara nyingi alikuwa Mkongomani aliyesoma kidogo. Hapo ndipo neno "agronomu" lilipopata sura mbaya. Badala ya mtu anayekuja kusikiliza shida ya mkulima, alikuwa mtu wa Bula Matari, anayepima shamba kwa hatua na kuandika jina lako.

Shule nazo ziliingizwa katika mpango huo. Mpango wa elimu wa mwaka 1929 ulitaka shule za vijijini zifunge masomo na kazi za mikono, kilimo kikiwa mbele. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri: mtoto asome mambo ya kwao. Lakini mtoto wa mzungu hakufuata mpango huo. Mkongomani alifunguliwa mlango wa sekondari ya kawaida kwa mapana baada ya mageuzi ya 1948 tu. Mzazi aliyeona hayo alielewa mwenyewe: kalamu ni ya wakubwa, jembe ni la wadogo.

Elimu ilikuwepo, lakini mbali na kijiji

Jambo la kusikitisha ni kwamba wakati huo huo Kongo ilikuwa na utafiti wa kilimo uliosifiwa duniani. Mwaka 1933 iliundwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Kibelgiji. Makao yake yalikuwa Yangambi, kando ya mto Kongo, karibu kilomita mia moja kutoka Kisangani. Mashariki ilikuwa na vituo viwili vinavyojulikana hadi leo: Mulungu, katika teritware ya Kabare, na Nioka, katika nyanda za juu za Ituri. Huko walichunguza kahawa, chai, kinini, mifugo na mbegu za chakula.

Mkulima wa kawaida alipokea mbegu na amri. Sababu ya kuchagua mbegu hiyo na si nyingine haikumfikia. Wachache walifundishwa: Kisantu, chini ya Chuo Kikuu cha Louvain, kulikuwa na shule ya wasaidizi wa kilimo tangu miaka ya 1930, na Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu, katika masomo yote, walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa hivi.

Baada ya uhuru

Serikali mpya ilijaribu kugeuza mambo. Mwaka 1967 ulianza Mtihani wa Serikali, na kijana aliyemaliza kilimo aliweza kupata diploma ya taifa kama mwenzake wa ualimu au biashara. Mwaka 1970 INEAC ikawa INERA. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, na baadaye masomo ya agronomia yakapelekwa Yangambi, karibu na maabara na mashamba ya majaribio.

Lakini miaka hiyo hiyo ililetwa Salongo. Watu walitolewa majumbani kufanya kazi za pamoja bila malipo, na wanafunzi pia walishikishwa jembe. Mwaka 1973 mashamba makubwa ya wageni yaligawiwa kwa Wazaire, mengi kwa watu wenye vyeo ambao hawakujua kuyatunza, na kazi zikapotea. Kijana mwenye diploma ya kilimo alitafuta mwajiri bila kumpata. Mzazi akaona tena sababu ya kusema: si nilikuambia?

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Yangambi ilipoteza walimu waliokimbilia Kisangani. Katika vijiji vya mashariki, mbuzi na ng'ombe waliporwa, mbegu zililiwa, na madarasa yakawa malazi ya waliokimbia.

Ugonjwa wa migomba ulifundisha nini

Mwaka 2001, katika teritware ya Masisi, migomba ilianza kunyauka. Majani yalikuwa ya manjano, ndizi ziliiva kabla ya wakati wake na ndani zilioza. Ugonjwa huo wa bakteria ulienea Kivu ya Kaskazini, ukashuka Kivu ya Kusini. Familia zilizotegemea ndizi kwa chakula, kwa kasiksi na kwa karo ya shule zilibaki mikono mitupu.

Mwanzoni ushauri ulikuwa kung'oa shina zima na watoto wake. Kazi hiyo ni ngumu, hasa kwa mama mjane mwenye jembe moja. Baadaye watafiti, pamoja na wakulima wa Kivu, walionyesha njia nyepesi: kata mgomba mgonjwa peke yake chini kabisa, mara tu unapouona, vunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu, na panga ipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji trekta. Linalohitajika ni mtu anayeelewa kwamba ugonjwa unasafiri kwenye chuma cha panga na kwa wadudu wanaotembelea ua. Kijana wa miaka 16 aliyefundishwa vizuri anaweza kuokoa migomba ya mtaa mzima. Hiyo ndiyo kazi ya shule ya kilimo, na ndiyo kazi ambayo mkoloni hakuipa kijiji.

Maswali ya kuuliza kabla ya kufungua

Leo, kwa sheria ya elimu ya 2014, mtoto anamaliza darasa la nane, kisha anachagua masomo ya miaka minne. Shule ya kijiji inaweza kuomba ruhusa ya kufungua kilimo cha jumla au mifugo. Historia inawapa wazazi haki ya kumuuliza mkuu wa shule maswali manne.

Kwanza, mavuno ni ya nani? Kama maharagi yanaenda nyumbani kwa wakubwa, hapo Salongo imerudi. Mavuno yaandikwe katika daftari ambalo komite ya wazazi inaliona.

Pili, nani anafundisha? Kilimo kisipewe mwalimu aliyekosa masaa mengine. Na shamba lisiwe adhabu ya waliochelewa, maana mtoto aliyepigwa kwa jembe hatalipenda jembe.

Tatu, likizo inakuwaje? Mwaka wa shule unaanza Septemba, pamoja na msimu wa kwanza wa mvua, hiyo ni bahati nzuri. Lakini Julai na Agosti wanafunzi hawapo. Lazima ijulikane mapema nani atalisha wanyama na nani atalinda mihogo.

Nne, ardhi ni ya nani? Ahadi ya mwami au ya mwenye konsesio iwe na karatasi. Shamba likianza kuzaa, wenye kudai huwa wengi.

Swali hili la nne linawagusa zaidi waliokimbia kutoka Masisi, Rutshuru, Djugu au Beni. Mtoto wao atasoma kilimo wapi, hali familia haina hata kipande cha kupanda sombe? Kivu ya Kusini ina jibu moja dogo. Huko familia nyingi hufuga dende, wale wanyama wadogo ambao wengine huwaita simbilisi. Wanakula majani na maganda ya jikoni, wanalala pembeni ya nyumba, wanazaa haraka, na siku ya kukimbia wanabebwa ndani ya kikapu. Shule inayofundisha kuwafuga vizuri, kuotesha mboga ndani ya magunia na kutunza mbegu inamfundisha pia mtoto ambaye shamba la baba yake liko nyuma ya mstari wa vita.

Mzazi anayekataa kilimo anakumbuka yaliyowapata wazee wake. Anayetaka kumshawishi amwonyeshe daftari la mavuno, karatasi ya ardhi na mwalimu anayejua kazi yake. Akiviona hivyo vitatu, mazungumzo yanaweza kuanza.