Fungu la Mbwa

Mpwa wangu anaishi Uingereza, na kila Desemba hujitolea kuwatembeza mbwa katika kituo cha mbwa waliotupwa, maana siku hizo wafanyakazi wengi wako likizo. Alinipigia simu kutaka kujua kituo cha namna hiyo kilichopo Masasi au Newala, ili atume pesa ya chakula cha sikukuu. Nikamwambia hakipo. London wanacho cha Battersea tangu 1860. Arusha wapo watu wanaowaokota mbwa na kuwatibu. Huku kwetu kusini sijaona mbwa akijengewa nyumba yake. Lakini nisingependa adhani kwamba mbwa wa kwetu aliishi bila haki. Alikuwa na fungu lake, nililikuta likitolewa, na nililiona likikoma.

Habari hii inaanza na mbung'o. Kwa sababu yao ng'ombe hawakustawi katika nyanda za Makonde na mabonde ya jirani, kwa hiyo mbwa wetu hakuwa mlinzi wa zizi kama alivyo kwa Wamasai au Wagogo. Kazi yake ilikuwa shambani na porini, na pori lenyewe halikuwa la mchezo. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda mpaka Newala, na mojawapo ya mambo aliyoyaandika kwa kirefu ni vile vichaka vilivyoshonana, ambavyo mtu hapiti ila kwa njia aliyoikata mwenyewe. Vichaka hivyo vilikuwa ngome. Masasi, iliyoko chini kwenye milima ya mawe, ilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni walioitwa Magwangwara mwaka 1882, miaka 6 tu baada ya Askofu Edward Steere kuweka pale kijiji cha watumwa walioachwa huru. Huku juu adui alipata taabu kumfikia Mmakonde. Ila pori linalomficha mtu humficha na nguruwe.

Asiyelima muhogo hawezi kumjua nguruwe pori. Anakuja usiku, na kundi lake, na asubuhi unakuta matuta yamefukuliwa, muhogo umetafunwa nusu nusu, uliobaki umekanyagwa. Ndiyo maana watu walilala dunguni miezi ya mavuno, wakipiga madebe na kuita. Na ndiyo maana mjomba wangu, kaka yake mama, alifuga mbwa watatu: wadogo, wembamba, rangi ya udongo, masikio yamesimama. Alfajiri ya msako wanaume wa vitongoji vya jirani walikutana, kila mmoja na kipande chake cha wavu begani. Nyavu zilitandazwa upande mmoja wa kichaka, mbwa wakaingizwa upande wa pili. Sisi watoto tulikatazwa kusogea, tukabaki kusikiliza mlio wa mbwa ukibadilika pale wanapomwona mnyama. Mjomba aliweza kusema kwa mlio tu ni mbwa gani yuko mbele.

Nguruwe akiuawa, sisi hatukumgusa kwa kula, kwa kuwa ni Waislamu. Jirani zetu Wakristo walichukua mapaja na mbavu, na kilichobaki kilikuwa cha mbwa: matumbo, mapafu, kichwa, hata majani yaliyolowa damu. Walikula mpaka wakalala ubavu. Akipatikana paa au funo hesabu ilikuwa nyingine, maana hiyo ilikuwa kitoweo chetu. Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, imehalalisha mawindo ya mnyama aliyefunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Hapo mwenye mbwa aliyekamata alipewa shingo, na mbwa wote walipewa chao kabla nyama haijafungwa kwenye majani kwenda nyumbani. Mtu aliyethubutu kufunga mzigo kwanza alikemewa mbele ya wote. Nimeona mzee mzima akiufungua tena.

Ndani ya nyumba mbwa hakuingia. Kwetu tunaofuata madhehebu ya Shafii mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mjomba alilishika hilo sawasawa, na akamtunza mbwa pia. Walikuwa na kibanda cha makuti nyuma ya jiko, na gae la mtungi lililokuwa lao peke yao.

Hilo gae lilileta maneno mengi nyumbani. Newala iko ukingoni mwa nyanda. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji, lakini juu pale maji hayakai, mchanga unainywa mvua yote. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, ila haukufika kila kitongoji, na mama zetu waliendelea kushuka mabondeni kwenye visima na kupanda mlima na ndoo kichwani. Maji yaliyonawiwa uso yalinawiwa na miguu. Siku moja mama alimkuta mjomba akimimina kwenye gae maji masafi ya ndoo, akaweka mikono kiunoni akauliza kama mbwa ndio waliokwenda kisimani. Mjomba hakuinua kichwa. Alisema, "Dada, huo muhogo ulio chunguni umelindwa na nani?" Mama akaingia jikoni. Hakuuliza tena, na kiangazi kile chote gae halikukauka.

Kilichovunja mambo haya hakikuwa kitu kimoja. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza 1964 viliwasogeza watu wa karibu na Ruvuma kukaa pamoja, kisha miaka ya 1970 vikaja vijiji vya ujamaa. Mashamba ya mikorosho yakabaki mbali na nyumba, yakaota vichaka. Korosho za nchi nzima zilizofikia karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74 zikaporomoka, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaja kuongeza msiba. Nguruwe wakapata maficho mapya katikati ya mikorosho. Mbwa alihamia kijijini na mwenyewe, akakosa la kufanya. Sheria ya wanyamapori ya 1974 ikamtaka kila mwindaji awe na kibali. Nyavu zikapandishwa darini, panya wakazimaliza. Siilaumu sheria, wanyama walikuwa wanakwisha kweli. Nasema tu kwamba fungu la mbwa lilitoka kwenye mawindo, na mawindo yalipokoma hakuna aliyeitisha kikao kuamua mbwa ale nini.

Kilichofuata kimeandikwa. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer pamoja na Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui na wenzao walichapisha hesabu ya watu walioshambuliwa na simba nchini tangu 1990: zaidi ya 563 wameuawa, 308 wamejeruhiwa, sehemu kubwa kusini mashariki, na zaidi wakati wa mavuno. Walieleza na sababu. Nguruwe wanafuata muhogo na mahindi, mkulima analala shambani kuwafukuza, simba anakuja kwa nguruwe na kumkuta mtu. Niliposoma nilimkumbuka mjomba na mbwa wake watatu. Ninaamini kila mbwa mzuri aliyeachwa afe njaa kijijini alimwongezea mkulima usiku wa kulala dunguni.

Mimi nilikwenda kusomea mifugo, nikafanya kazi Masasi hadi kustaafu. Nilipoanza, kichaa cha mbwa kikizuka jibu lilikuwa risasi na chambo cha sumu. Mbwa waliuawa, walioumwa na wazima, na baada ya muda watoto wa mbwa wasiochanjwa waliletwa kutoka vijiji vingine kujaza nafasi, na kichaa kikarudi. Kuanzia 2010 mambo yalibadilika. Wilaya 28 za kusini mashariki, zikiwemo za Mtwara na Lindi, ziliingizwa katika mradi wa serikali na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za wakfu wa Gates, wa kuchanja mbwa bure. Lengo lilikuwa angalau mbwa 70 katika kila 100. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake wakafuatilia kesi za Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019, wakakuta zaidi ya asilimia 40 ya wanyama wenye kichaa walikuwa mbweha. Lakini mbwa walipochanjwa mwaka hadi mwaka, ugonjwa ulipungua.

Kwenye chanjo waliokuja ni watoto. Waliwavuta mbwa kwa kamba za katani, kwa vipande vya kanga, kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mtoto alimshika mbwa kichwa katikati ya magoti, mimi niliinua ngozi ya shingo, sindano iliingia chini ya ngozi, mbwa alishtuka mara moja tu. Kisha kadi: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa. Nimeandika Simba wengi, na Tutaona, na Hamnijui, majina waliyopewa ili jirani asikie mbwa akiitwa.

Kuhusu Desemba, mwezi ambao mpwa wangu ameuulizia, huku una sura mbili. Korosho zimeshauzwa mnadani au zinamalizika, pesa ipo, Masasi kengele za makanisa zinalia na pilau inanukia mpaka kwetu tusiosherehekea. Lakini waliopiga kambi kwenye mikorosho wanarudi nyumbani, na wengine wanamwacha mbwa kule, amefungwa, bila gae. Wengine wanasafiri. Na baada ya sikukuu inakuja Januari na Februari, ghala tupu, mahindi mapya bado, na wa kwanza kupunguziwa ni mbwa. Hapo ndipo msaada unapotakiwa: chanjo, pumba ya mahindi, dagaa wa bei ya chini, na mtu wa kuhakikisha maji yapo. Mifupa ya kuku iliyopikwa wasipewe, huvunjika vipande vyenye ncha. Watoto wa Dar es Salaam waliokuja likizo wafundishwe kutomchokoza mbwa anayekula. Akiuma, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Mkomaindo ya Masasi au ya wilaya Newala.

Kwenye mtaa wangu kuna mama Mwanglikana ambaye kila Krismasi huenda kwa wanawe Mtwara. Mbwa wake hubaki kwa jirani wa nyumba ya nyuma, Mwislamu kama mimi. Mama huacha debe la pumba, dagaa, na kadi ya chanjo. Jirani huyo hupika uji wa mbwa nje, kwenye sufuria ya mbwa, asubuhi na jioni. Mama akirudi huja na samaki mkavu wa kumpa jirani, na mwaka huu wameshakubaliana mapema, maana mbwa ana mimba na kijana wa jirani ameomba mtoto mmoja wa kulinda shamba lake la muhogo.