Thika ya Majengo, Ruiru ya Ploti

Ijumaa saa sita na nusu, katika mtaa wa Majengo mjini Thika, kinyozi humwacha mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Hutungua kofia yake msumarini, akasema "narudi sasa hivi," na mteja, ambaye pengine ni mzee wa kanisa, hubaki akijitazama kiooni. Halalamiki. Amekulia hapa, anajua sala ya Ijumaa haichukui muda. Mgeni hushangaa baadaye, watu wanapotoka: wazee wa kanzu na kofia za kiua wanabishana juu ya bei ya mahindi kwa Kikuyu cha ndani, kile ambacho wajukuu zao wenyewe hukisikia kwa taabu.

Shuleni tulifundishwa kana kwamba Uislamu wa Kenya una makao mawili tu, Pwani na Kaskazini Mashariki. Huku kwetu Kiambu ni kahawa, mananasi na kanisa. Lakini reli ndogo ya kutoka Nairobi ilipofika Thika mwaka 1913, kofia na kanzu hazikuwa ngeni katika njia hiyo. Walioleta dini hawakuwa mashekhe wenye vitabu. Walikuwa wapagazi, askari, wapishi wa Wazungu, wachinjaji na wenye vibanda vya chai, waliofuata barabara ya kutoka Nairobi kwenda ngome ya Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a. Wazungu walikuwa na hoteli yao ya Blue Posts tangu 1908, karibu na maporomoko ya Chania. Waafrika wa mjini hawakuwa na pa kulala.

Dawa ya serikali ya kikoloni ilikuwa ile ile katika miji ya bara: tenga kipande cha ardhi kando ya mji, wakusanye humo wale wasioingia kwenye hesabu ya kabila, wakae chini ya macho. Nairobi ilipata Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na watu wakaiita Majengo kwa jina la mtaa wa Mombasa. Jina likaenea bara hadi Thika. Ndani ya mitaa hiyo zilisimama nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, udongo na fito, mapaa ya madebe yaliyopondwa.

Guka na shosho zetu, yaani babu na bibi, basi, waliuona msikiti kwa mara ya kwanza wakiwa wameenda mjini kuuza kitu. Hilo si jambo dogo. Kanisa lilipanda milima. Wamisionari wa Gospel Missionary Society walikuwa Kambui, Waskoti walikuwa Thogoto, Wakatoliki wa Consolata walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na karibu kila mgongo wa mlima ulipata shule yake yenye msalaba. Msikiti ulifuata reli na soko. Hivyo mtoto wa kijijini alilijua kanisa kama mahali pa kalamu na daftari, na msikiti kama kitu cha mjini, jirani ya kilabu, machinjio na stesheni.

Neno walilotumia wazee linasema mengi. Mwanamume wa Kikuyu aliposilimu, hawakusema amekuwa Mwislamu. Walisema amekuwa Mswahili. Kosa lake halikuwa kumwacha Mungu fulani, maana wengi wa wazee hao nao hawakuwa wamebatizwa. Kosa lilikuwa kuiacha mbari, yaani ukoo, na mbari ndiyo ardhi. Mtu asiye na mbari hana pa kuzikwa. Kwa wanawake mambo yaligeuka kinyume: waliokimbia ndoa mbaya, wajane walionyimwa shamba, walikuta Majengo mahali ambapo mwanamke aliweza kuwa na nyumba yake na kumrithisha amtakaye. Wataalamu walioandika historia ya Pumwani wameonyesha hivyo waziwazi. Kijijini waliitwa malaya, wote kwa pamoja, waliokuwa na wasiokuwa. Ukimsikia shosho wa leo akikunja uso neno Majengo likitajwa, mara nyingi ni sauti hiyo ya zamani, wala haina uhusiano wowote na Kurani.

Dharau ilikuwepo, tena nyingi. Hofu haikuwepo. Mzee aliyemdharau "Mswahili" ndiye aliyenunua nyama kutoka mkononi mwake, na hata leo katika machinjio mengi ya nchi hii mchinjaji ni Mwislamu, ili kila mtu aweze kula. Nyama choma ya Jumapili, baada ya ibada ndefu, imesomewa bismillahi. Mzee huyo alijua jina la mchinjaji wake, jina la mama yake, na deni alilodaiwa dukani.

Kizazi cha uhuru kilirithi dharau hiyo kikaiongezea vyeti. Aliyesoma miaka ya 1950 na 1960 alipita mikononi mwa misheni, na haikuwa ajabu mtoto wa Majengo kuandikishwa shule kwa jina la Kikristo, Juma wa nyumbani akawa Joseph wa darasani. Ndipo pia unapokutana na majina ya aina ya Ramadhani Kamau na Fatuma Wanjiru, kwa sababu mila ya kumpa mtoto jina la babu haikuacha kufanya kazi eti kwa kuwa babu alisilimu. Kwa kizazi hiki Uislamu ulikuwa jambo la watu waliobaki nyuma kimasomo. Hakuna aliyeuliza kwa nini walibaki.

Wakati huohuo barabara ilikuwa ikileta watu wengine. Thika ndiko inakoanzia barabara ya Garissa, ile inayopita Mwingi na kukata nyika. Ng'ombe na wafanyabiashara walishuka nayo. Baadaye wakashuka wanafunzi. Shirika la Kuwait la African Muslims Agency, lililoanzishwa na daktari Abdul Rahman al-Sumait, lilifungua hapa chuo cha sharia na masomo ya Kiislamu, na chuo hicho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Umma, kilichopewa kibali cha muda mwaka 2013 na kuweka makao yake Kajiado. Chuo kikuu cha Kiislamu cha Kenya kilianzia katika mji wa mananasi. Wakazi wengi wa Thika hawalijui hilo, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuwaambia.

Halafu ikaja Agosti 7, 1998. Bomu la ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi, na mwezi uliofuata serikali ikafuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu. Likaja shambulizi la jumba la maduka la Westgate mwaka 2013. Mei 4, 2014 mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili kwenye Thika Road yenyewe, watu watatu wakafa. Likaja la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Na Januari 2019, baada ya shambulizi la hoteli ya Dusit jijini Nairobi, ikajulikana kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa amepanga nyumba Muchatha, kaunti yetu hii hii.

Hapo ndipo vizazi vinapoachana, na si kwa namna tunayopenda kusimuliana. Tunapenda kusema wazee wana chuki na vijana wameerevuka. Mwaka 2010 makanisa makubwa yaliipinga katiba mpya, mojawapo ya sababu ikiwa mahakama za Kadhi, lakini eneo la Mlima Kenya liliipigia kura ya ndiyo kwa wingi mkubwa. Wazee walimsikiliza mchungaji Jumapili, na Jumatano ya kura wakafanya yao. Kijana aliyezaliwa mwaka 2003, kwa upande wake, amekuwa akipekuliwa kwa kifaa cha kugundua chuma mlangoni pa shule ya Jumapili. Anasoma chuo kikuu cha JKUAT au cha Mount Kenya na mwenzake Mwislamu wa Wajir, wanagawana sufuria, wanafunguliana mlango saa kumi usiku wakati wa daku. Akipita karibu na msikiti asioujua, hata hivyo, anavuka barabara. Babu yake hakumpenda mtu lakini jengo halikumsumbua. Mjukuu hana neno na mtu, ila jengo linampa wasiwasi.

Tazama Ruiru. Mwaka 2009 mji huo ulikuwa na watu 238,858. Thika Road iliyopanuliwa ikafunguliwa mwaka 2012, na sensa ya 2019 ikahesabu 490,120. Mashamba ya kahawa yaliyouzwa kwa hisa na kampuni za ardhi yakakatwa ploti za hamsini kwa mia, na kila ploti ikawa na geti lake. Msikiti wa Ruiru huzaliwa kama kanisa la Ruiru: chumba cha kupanga juu ya duka, kisha mchango wa M-Pesa, kisha ploti, kisha mabati, na hatimaye mawe ya Ndarugo, yale yale ya nyumba ya jirani. Ilani ya kubadilisha matumizi ya ardhi inapotoka ndipo maneno huanza.

Nimehudhuria mikutano miwili mitatu ya mitaa ya namna hiyo. Waliostaafu huuliza: hawa ni wenyeji wa wapi, na ploti zetu zitashuka bei? Vijana huuliza: kutakuwa na kamera? Hakuna anayetaja Mtume. Linganisha na Uswisi: Novemba 2009, asilimia 57.5 ya waliopiga kura walipiga marufuku minara mipya ya misikiti, nchi nzima ikiwa na minara minne. Ruiru sijasikia mtu akigombana na mnara. Ugomvi ni wa spika, maegesho na hati ya shamba. Juu ya spika, mimi nimewahi kupanga chumba kati ya msikiti na kanisa la mkesha, na nasema bila upendeleo: adhana huisha.

Utafiti wa Afrobarometer uliotolewa mwaka 2016 ulikuta asilimia 87 ya Waafrika katika nchi 33 hawana shida na jirani wa dini nyingine, na kwamba kuishi karibu huongeza uvumilivu. Naamini hivyo kuhusu Majengo, walikokaa Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta zaidi ya miaka 80. Kuhusu mitaa ya mageti sina hakika.

Mwezi uliopita nilipita Ruiru kwenye msikiti wa mabati uliozungushiwa ukuta mpya wa mawe. Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni, vya shule vikiwa vingi kuliko vya wazee. Hapakuwa na jina la msikiti popote. Palikuwa na maandishi ya aina moja tu, kwa rangi nyekundu, yale yanayoandikwa kwenye kila ukuta wa Ruiru: Ploti hii haiuzwi.