Irma Stern: Kutoka Berlin hadi Mji Mkongwe

Irma Stern, aliyezaliwa Transvaal mwaka 1894 katika familia ya Wayahudi wa Kijerumani, aliupata usanii wake Berlin wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, penye kitovu cha ekspreshonizimu, yaani mtindo wa uchoraji unaopinda maumbo na kukoleza rangi ili hisia itangulie sura halisi ya kitu. Mwaka 1916 alimchora mtoto wa kike aliyekondeshwa na vita, ambaye alimwona ndani ya tramu, na picha hiyo ilipomchukiza mwalimu wake, alimwendea mchoraji Max Pechstein, aliyekuwa amesafiri hadi visiwa vya Palau mwaka 1914 akitafuta maisha yasiyoguswa na viwanda.

Hamu ya kuuhama mji mkubwa iliwashika wengi wa kizazi hicho. Ernst Ludwig Kirchner, aliyezichora barabara za Berlin kuanzia mwaka 1913, alidhoofika akili na mwili baada ya kuingia jeshini, akahamia Davos, Uswisi, mwaka 1917, na huko akaichora milima hadi kifo chake mwaka 1938.

Stern alirejea Cape Town mwaka 1920, akaanza kuitafuta Afrika aliyoidhania kuwa safi na ya kale, lakini safari zake za Zanzibar za mwaka 1939 na 1945 zilimfikisha kwenye mji mwingine, Mji Mkongwe, uliojengwa na majahazi, karafuu, na biashara ya watumwa. Huko mchoraji huyu aliutumia zaidi uwezo wake kwenye nyuso za Waarabu, Wahindi na Waswahili, akizijenga kwa rangi nzito iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, kisha akazitia picha kadhaa katika fremu za mbao za nakshi za Zanzibar. Hapo ndipo kazi yake ilipokomaa kuliko popote pengine, na mojawapo ya picha za huko, ile ya shehe wa Kiarabu ya mwaka 1945, iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Hata hivyo, vichwa vya picha hizo kwa kawaida hutaja kabila, dini au kazi ya aliyechorwa, si jina lake, na upungufu huo ni mzito, kwa kuwa watu hao walikuwa wenyeji wa mji wenye nasaba na historia zao, ambazo vichwa hivyo havizitaji.