Mipigo Miwili, Gia Nne za Nyuma

Mwenye Messerschmitt KR200 akitaka kurudi nyuma hakutafuta gia ya rivasi, kwani haikuwemo. Alizima injini, akausukuma ufunguo ndani zaidi, akawasha upya. Sasa injini ilizunguka kinyume, na gia zote nne zikawa za kurudi nyuma.

Kigari hiki cha magurudumu matatu kiliundwa Regensburg, Ujerumani, kuanzia 1955 hadi 1964. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Messerschmitt ilikuwa imekatazwa kuunda ndege, na mhandisi Fritz Fend, aliyekuwa akitengeneza vigari vya walemavu, alihitaji kiwanda. Abiria aliketi nyuma ya dereva, chini ya kifuniko cha plastiki angavu. Injini ilikuwa Sachs ya silinda moja, sentimita za ujazo 191, ya mipigo miwili.

Mpigo ni mwendo mmoja wa pistoni, kutoka juu ya silinda hadi chini au chini hadi juu. Wengi husikia kishindo ndani ya neno hilo, wakadhani mipigo miwili ni milipuko miwili. Sivyo. Fikiria pampu ya baiskeli: kuvuta ni mpigo, kusukuma ni mpigo mwingine. Mimi naliona neno linafaa. “Kiharusi”, tafsiri nyingine ya “stroke” ya Kiingereza, tuwaachie madaktari. Gereji wanasema “tustroki” na wanaelewana, sawa na wavuvi wanaochanganya oili kwenye petroli ya mashine ya boti.

Pistoni ikipanda, hugandamiza hewa na petroli iliyo juu yake, huku chini ikivuta nyingine kwenye chemba ya krenki. Cheche ikipiga, pistoni hushuka, ikifunua tundu la kutolea moshi, kisha lile la kuingizia mchanganyiko mpya. Mzunguko mmoja wa krenki, mlipuko mmoja. Injini ya mipigo minne huhitaji mizunguko miwili. Na kwa kuwa petroli hupitia kwenye krenki, oili ya kulainisha husafiri nayo, ikaungua nayo. Ndiyo asili ya ule moshi wa buluu.

Hapa hakuna vali za kupangiana zamu. Mlango ni pistoni yenyewe, nayo hupanda na kushuka vilevile krenki ikizunguka upande wowote. Cheche tu ndiyo yenye masharti: lazima ije pistoni ikikaribia juu, kabla haijafika. Kwa hiyo KR200 iliwekewa platini, yaani swichi ya kupangia cheche, seti mbili, moja kwa kila upande wa mzunguko. Kinadharia, dereva aliyepungukiwa akili angeweza kurudi nyuma kwa gia ya nne.