Kutoka Kichwani Hadi Kwenye Karatasi: Historia ya Kitabu cha Mapishi



Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, kamati imeniomba niandike kidogo juu ya historia ya kitabu cha mapishi, kwa kuwa mwaka huu tumetengeneza chetu kwa mikono yetu wenyewe. Wapo waliouliza, na kuuliza si ujinga: kikundi cha kuweka na kukopa kina haja gani na kitabu cha mapishi? Na mwenzetu mmoja anayeuza maandazi alisema wazi mkutanoni, "Mkiandika maandazi yangu, mimi nitauza nini?" Hilo ni swali zito. Nitajaribu kulijibu kwa historia.

Kuandika mapishi si jambo la jana wala juzi. Mapishi ya kale zaidi yanayojulikana yaliandikwa Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, karibu miaka 3,700 iliyopita. Hawakuwa na karatasi, waliandika kwenye vibao vya udongo, na mengi yake ni ya mchuzi wa nyama. Karne nyingi baadaye, mjini Baghdad katika karne ya 10, Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya kitabu cha mapishi ambacho ndicho cha kale kuliko vyote vya Kiarabu vilivyobaki. Warraq maana yake ni mtu wa kazi ya karatasi na kunakili vitabu. Sisi nasi tunasema waraka, na asili ni hiyo hiyo moja. Lakini kitabu chake kilikuwa hasa cha vyakula vya makhalifa na wakubwa. Mapishi ya mama wa kawaida yalibaki kichwani mwake, na siku akifa yakazikwa naye.

Sasa sikilizeni habari za Bibi Abby Fisher wa Marekani, kwani ndiye anayetufaa zaidi leo. Alizaliwa utumwani katika jimbo la South Carolina, na hakupata kusoma wala kuandika. Baada ya utumwa kukomeshwa alihamia San Francisco, akafungua biashara ya achali na jemu. Vitu vyake vilikuwa vizuri hata akapewa tuzo kwenye maonyesho, mwaka 1879 na tena mwaka 1880. Rafiki zake wakamwomba atoe kitabu. Akasita, maana hakuwa na elimu. Mwisho akakubali, akawa anasema na wengine wanaandika. Mwaka 1881 kitabu kikatoka, chenye mapishi 160, na jina lake mwenyewe kwenye jalada.

Tena nani aliyekipiga chapa? Ni Women's Co-operative Printing Office, kiwanda cha chapa cha ushirika wa wanawake. Ushirika huo ulianzishwa mjini humo mwaka 1868 ili akina mama wapate kazi ya kupanga herufi, kazi ambayo wanaume waliiona ni yao peke yao. Kwa hiyo kuna mwanamke mwenye ujuzi, kuna wenye kalamu, na kuna ushirika wenye mashine. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza peke yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la mwenzetu wa maandazi. Bibi Fisher alikuwa mfanyabiashara, na bado alitoa hadi mapishi ya achali zake zilizompa tuzo. Mapishi ni maneno, mkono ni wa mwenyewe. Kitabu hicho kilisahaulika miaka mingi, mpaka nakala moja ilipotokea mnadani mwaka 1984, na mwaka 1995 kikachapwa upya. Leo hakuna anayeweza kuonja achali za Bibi Fisher, lakini jina lake tunalo kwa sababu liliandikwa.

Lipo na funzo la pili. Ndani ya kitabu hicho kuna chakula kinachoitwa Circuit Hash. Watu walishangaa, ni kitu gani hicho? Kumbe ni succotash, chakula cha mahindi na maharage, jamaa ya makande yetu. Bibi alisema jina moja, mwandishi akasikia jingine, na yeye hakuweza kusoma ili asahihishe.

Sisi tulijifunza hapo. Bibi mmoja wa kikundi chetu tulipomuuliza unga kiasi gani, alijibu, "Kiasi chake!" Basi tukamfuata jikoni na kibaba na kikombe. Kila alichochota kwa kiganja tulikipima kwanza kabla hakijaingia chunguni. Jioni tukamsomea yote. Alitusahihisha mara nne, maana tulichanganya tui la kwanza na la pili.

Binti wa mwanachama mmoja akachapa kwa kompyuta na kupanga kurasa, picha tukapiga kwa simu. Karatasi nane, kila moja ikikunjwa katikati, hutoa kurasa 32. Ya nje kabisa hubeba ukurasa wa 1 na wa 32 upande mmoja, wa 2 na wa 31 upande wa pili. Tulikosea mwanzoni, pilau ikaishia kwenye kaimati! Tukatoboa matundu matatu kwenye mkunjo. Uzi ulianzia ndani, ukatoka tundu la kati, ukaingia la juu, ukaruka hadi la chini, ukatoka, ukarudi ndani kwa la kati, tukafunga fundo. Jalada ni manila, na juu yake vipande vya kanga kuukuu vilivyobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano.

Msidhani kushona kitabu ni ufundi wa kuletewa. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi nchini Misri, wakulima walichimbua mtungi wenye vitabu vya mafunjo vya karne ya 4, vimefungwa kwa majalada ya ngozi. Ni hapa hapa Afrika.

Akina mama, mwaka juzi tulimzika mwenzetu mmoja pamoja na mkate wake wa kumimina. Wengi tumejaribu, hakuna aliyeupata. Hiyo ni hasara ambayo daftari la kikundi halina safu ya kuiandika. Mwenzetu wa maandazi naye sasa yumo, ukurasa wa 9, kwa sharti moja tu: jina lake likae juu. Limekaa.

Haba na haba hujaza kibaba. Tumeweka fedha kwa miaka kumi. Sasa tuweke na hili, kabla halijatutoka.