Kabohaidreti na mazoezi: kasi ya umeng'enyaji na ufyonzaji

Kasi ya kabohaidreti ni muda unaopita tangu mtu ale ugali, wali, ndizi au sukari hadi glukosi iliyomo iingie kwenye damu na kutumiwa na misuli. Kwa mtu aliyekaa kitini, muda huo hutegemea zaidi chakula chenyewe. Kwa mtu anayekimbia, hutegemea zaidi hali ya tumbo, utumbo na misuli yake. Ndiyo maana orodha za vyakula "vya haraka" na "vya polepole", ambazo makocha wengi hupenda kuzigawa, zina msaada mdogo kuliko zinavyosifiwa.

Wanga huanza kuvunjwa mdomoni na amilesi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate. Tonge la ugali likitafunwa muda mrefu huanza kuwa tamu kwa sababu hiyo. Kazi kubwa hufanyika kwenye utumbo mwembamba, ambako amilesi ya kongosho hukata minyororo ya wanga, kisha vimeng'enya vya ukuta wa utumbo humalizia. Mwishowe kabohaidreti zote zinazomeng'enywa huwa sukari sahili za aina tatu, yaani glukosi, fruktosi na galaktosi, na ni hizo tu zinazopita kwenda kwenye damu.

Kabla ya hapo kuna tumbo, na tumbo halina haraka. Mafuta, protini na nyuzi hulifanya lishikilie chakula kwa muda mrefu, hivyo ugali wa dona na maharage hukaa kuliko uji mwepesi wa sembe. Kinywaji chenye gramu 60 hadi 80 za sukari kwa lita hutoka tumboni vizuri, lakini soda, ambayo huwa na gramu 100 hivi au zaidi, huchelewa. Mapishi nayo yana neno lake. Wanga uliopikwa ukiachwa upoe, sehemu yake hujipanga upya na kuwa ngumu kwa vimeng'enya kuikata, kwa hiyo kiporo cha wali humeng'enywa polepole kidogo kuliko wali uleule ulipotoka jikoni.

Kipimo kinachotajwa sana katika mambo haya ni fahirisi ya glaisemia, iliyoanzishwa na David Jenkins na wenzake huko Toronto, Kanada, mwaka 1981. Hulinganisha jinsi vyakula mbalimbali vinavyopandisha sukari ya damu. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake, ila hupimwa kwa watu waliofunga usiku kucha na kukaa kimya maabarani. Mtu akishaanza kukimbia, kongosho hupunguza kutoa insulini, misuli huanza kuvuta glukosi yenyewe, na tofauti nyingi zinazoonyeshwa na fahirisi hiyo hufifia.

Mlango wa utumbo

Glukosi haipenyi ukuta wa utumbo hivihivi. Hubebwa na protini iitwayo SGLT1, na protini hiyo haifanyi kazi bila sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Robert Crane, mwanabiokemia wa Marekani, alieleza wazo hilo mwaka 1960 katika mkutano uliofanyika Prague. Baadaye likawa msingi wa kueleza kwa nini maji ya chumvi na sukari huokoa wagonjwa wa kipindupindu: glukosi na sodiamu huingia pamoja, na maji huzifuata. Mama anayechanganya vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi kwa ajili ya mtoto anayeharisha anatumia mlango uleule anaotumia mkimbiaji wa marathoni. Tofauti ni shabaha. Mchanganyiko wa mtoto unatafuta maji, kwa hiyo sukari yake ni kidogo. Chupa ya mkimbiaji inatafuta nishati.

Mlango huo una kikomo. Hata mtu anywe glukosi kiasi gani, ile inayoweza kuchomwa na mwili wakati wa mazoezi haizidi gramu 1 hivi kwa dakika, sawa na gramu 60 kwa saa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba misuli ndiyo inayoshindwa. Dalili zilizokusanywa baadaye zinaelekeza kwenye utumbo, kwani glukosi ikipelekwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, misuli huweza kuchoma zaidi ya hapo.

Njia ya kuuzunguka mlango uliojaa ilipatikana kwenye fruktosi, kwa kuwa yenyewe hupita kwa protini nyingine, GLUT5. Mwaka 2004, Roy Jentjens, Asker Jeukendrup na wenzao wa Birmingham, Uingereza, waliwapa waendesha baiskeli gramu 1.2 za glukosi pamoja na gramu 0.6 za fruktosi kwa dakika, na uchomaji ukafika gramu 1.26 hivi. Tangu hapo, ushauri kwa mashindano yanayozidi saa mbili na nusu umepanda hadi gramu 90 kwa saa, mradi zitoke kwenye mchanganyiko wa sukari hizo mbili. Fruktosi peke yake haifai, maana ikizidi husokota tumbo, na sehemu kubwa yake hupitia kwanza kwenye ini ili igeuzwe glukosi au lakteti. Sukari ya kawaida ya dukani ni nusu glukosi nusu fruktosi, jambo ambalo wauzaji wa vinywaji vya bei kubwa hawana haraka ya kulisema.

Mazoezi makali huufanya mlango kuwa mwembamba zaidi. Damu huhamia kwenye misuli na ngozi, utumbo ukabaki na kidogo, na chakula kilichokwama ndicho huleta kichefuchefu na kuhara katikati ya mbio. Utumbo, hata hivyo, hufundishika. Wanariadha wanaozoea kunywa sukari mazoezini kwa wiki kadhaa huvumilia na kutumia zaidi siku ya mashindano.

Kabla ya mbio

Mwili hauanzi mikono mitupu. Misuli ya mtu mzima aliyeshiba huhifadhi gramu 300 hadi 500 za glaikojeni, yaani glukosi iliyowekwa akiba, na ini gramu 100 hivi. Hifadhi ya ini hupungua sana wakati wa usingizi, na hiyo ndiyo kazi hasa ya kifungua kinywa cha alfajiri ya mashindano. Mlo mzima huhitaji saa tatu hadi nne kabla ya kuanza. Anayekula sukari dakika 30 hadi 60 kabla anaweza kuona glukosi ya damu ikishuka ghafla mwanzoni, kwa kuwa insulini na misuli huivuta kwa pamoja, ingawa kwa wengi jambo hilo hujirekebisha lenyewe bila kuharibu mbio.

Mwaka 1966, Jonas Bergström na Eric Hultman wa Sweden walikaa pande mbili za baiskeli moja ya maabara, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu hadi akachoka kabisa. Kisha wakala kabohaidreti kwa wingi kwa siku tatu. Glaikojeni ya mguu uliofanya kazi ilipanda hadi karibu mara mbili ya ile ya mguu uliopumzika, wakati damu iliyoilisha miguu yote miwili ni moja. Siri ilikuwa ndani ya misuli yenyewe.

Kwa wakimbiaji wa Kenya hifadhi hii hujengwa na chakula cha kila siku. Utafiti wa Vincent Onywera na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu, uliona kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye kabohaidreti. Ugali uliongoza, na sukari, nyingi yake ya kwenye chai, ilichangia karibu sehemu moja ya tano.

Wakati wa mbio

Huko Boston, madaktari waliopima damu ya wakimbiaji wa marathoni mwaka 1924 waliwakuta baadhi yao wamefika hoi, sukari ikiwa chini sana. Mwaka uliofuata wakimbiaji walipewa peremende njiani, na hali yao ikawa nafuu. Leo wakimbiaji wa mbele huwa na chupa zao mezani kila baada ya kilomita 5 hivi. Chupa hizo hazilipi deni lote: mkimbiaji wa kiwango hicho huchoma gramu 3 au 4 kwa dakika, na utumbo hauwezi kupitisha nusu yake.

Katika mashindano ya saa moja hivi, sukari haina hata haja ya kufyonzwa. James Carter na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba waendesha baiskeli waliosukutua mdomo kwa maji ya maltodekstrini, aina ya kabohaidreti, na kuyatema walimaliza haraka kwa takriban asilimia 3. Vipokezi vya mdomoni huliarifu ubongo kwamba chakula kinakuja, nao hulegeza breki.

Baada ya mazoezi

Misuli inapojikunja, protini nyingine iitwayo GLUT4 hupanda hadi kwenye utando wa seli na kuingiza glukosi bila kungoja insulini. Hali hiyo hudumu muda mfupi baada ya kusimama. John Ivy na wenzake wa Texas walipima mwaka 1988 na kuona kwamba aliyechelewa saa mbili kula alijaza glaikojeni kwa kasi ya karibu nusu ya aliyekula papo hapo. Haraka hiyo ina maana kwa mwenye mazoezi mengine jioni ileile. Anayepumzika hadi kesho hujaza hifadhi ndani ya saa 24 hivi, mradi ale vya kutosha.

Baada ya GLUT4 kutulia, misuli hubaki sikivu zaidi kwa insulini kwa siku moja hadi mbili. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili hiyo ni faida. Kwa anayejidunga insulini ni jambo la kuangaliwa, kwa sababu mazoezi ya jioni yanaweza kushusha sukari usiku wa manane akiwa usingizini. Mtu huyo hupima sukari yake kabla ya kulala na, ikibidi, hula kitu.