Barua iliyovuja mwaka 1777

Wadau, umbea jeshini haukuanza na simu. Juzi nilikuwa napekua barua za maofisa wa vita vya uhuru wa Marekani, nikakwama kwa Jenerali Conway. Mwaka 1777 alimwandikia Jenerali Gates akimponda Washington, na wapo waliotaka Gates achukue ukamanda. Msaidizi wa Gates, Wilkinson, akaropoka njiani akipeleka habari za ushindi wa Saratoga! Washington hakufoka, alimtumia Conway barua fupi mno, akinukuu tu maneno yaliyomfikia. Hapo nilimvulia kofia. Gates akalalamika kuna mwizi wa barua, kumbe ni kijana wake mwenyewe. Julai 1778 Conway alipigwa risasi mdomoni katika pambano la bastola na Jenerali Cadwalader. Akidhani anakufa, akamwandikia Washington kumwomba radhi. Akapona.